Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Matisi, Kitale
Jumapili, 27 Aprili 2025

Kwa ndugu yangu Khisa,

Nakusalimia wewe na mkeo Nelima katika jina la Bwana. Goti lako linaendeleaje? Kipketer, huyu wa lori la mbegu anayekuletea barua hii, aliniambia alikuona ukichechemea na jembe begani, nikajua hujamsikiliza daktari hata kidogo. Na masikio je? Nilikupigia simu wiki ya Pasaka, nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje, na wewe ukanijibu tu, "Amina, amina." Nilikuwa nakuuliza habari za ng'ombe. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Ujumbe wa simu ukiupata unajibu neno moja, sawa, basi tumemaliza.

Sisi tuko wazima kiasi. Shemeji yako Jairus amestaafu upishi wa shule lakini mkono haujastaafu, akisonga ugali bado anapima wa watoto mia nne. Mwanetu Matthew amepata kazi ya barabara huko Lodwar, kwa hiyo tangu Januari mke wake Chemutai na mtoto wanakaa na sisi. Ungemwona Nabwile sasa. Miaka mitatu tu, lakini anatembea mikono mgongoni kama mama yetu kabisa, na akikasirika anakunja mdomo vile vile. Wakati mwingine namwita nasahau, naongea naye kwa adabu kama naongea na mama.

Sasa nikueleze jambo lenyewe. Wakati Chemutai anakuja tulitoa magunia kwa kile chumba cha nyuma, kile kinachotazama mlima, tukaweka kitanda. Unakumbuka kila mwaka mahindi ya chini kabisa yalikuwa yanaoza humo, na sisi tukisema ni kwa sababu tulivuna kwenye mvua. Mahindi yalitoka na unyevu ukabaki. Mwezi wa tatu mvua ilipoanza, ukuta ulitoa madoa meusi, kwanza kama pilipili manga imemwagika, halafu yakaungana. Nikapangusa. Yakarudi.

Pasaka ikakaribia na watu wa kwao Chemutai walikuwa wanakuja kutoka Kapsokwony. Nikaona aibu, ndugu yangu. Nikanunua kitambaa cha buluu, nikakipigilia misumari ukuta mzima kutoka juu mpaka chini, nikakitia na maua ya uzi. Wageni wakasifu, mama yake Chemutai akaniambia chumba kinafanana na cha maharusi. Basi wageni walipoenda, nikakiacha. Jana nimekitoa nikifue. Khisa, ukuta umeota manyoya. Ya kijani na meusi, marefu ya kushikika, na harufu ilinipiga nikarudi nyuma. Mtoto amekuwa akilala sentimita chache kutoka hapo.

Na anakohoa. Nilikuwa nimesema ni mafua ya mvua, lakini sasa ni wiki ya tano, na akilala kifua kinapiga mluzi. Kina mama wa kanisa walikuja kuomba. Mmoja wao akaninong'oneza ati hicho ni kitu kimetumwa. Nikamwambia kitu kilichotumwa hakingojei msimu wa mvua.

Wewe ndiye ulijenga hii nyumba, tofali kwa tofali. Hakuna mtu anaijua kuliko wewe. Njoo uniangalizie huo ukuta, hata siku moja tu. Goti likikusumbua Kipketer atakubeba kwenye lori, kiti cha mbele. Nijibu upesi.

Dada yako,
Wilkista


Kabuchai
Jumapili, 25 Mei 2025

Kwa dada yangu Wilkista,

Pokea salamu zangu na za Nelima. Natumaini hapo kwenu Mungu anawashika kama anavyotushika. Barua yako ilifika mapema, kuchelewa ni kwangu. Tumekuwa tukingoja trekta ya miwa, ikaja, ikakwama kwenye tope siku tatu, vijana wakaisukuma kwa nyimbo kama wanabeba jeneza. Goti ni lile lile. Ng'ombe amezaa, ndama jike, Nelima anasema ana uso wa kiburi. Masikio yangu tangu nifanye kazi kwa ile mashine ya kuvunja mawe yamekuwa ya mapambo tu, lakini amina yangu ilikuwa ya kweli, usiidharau.

Kuhusu huo ukuta usitie hofu. Nyumba nyingi za huko Kitale zina jambo hilo kwa sababu ya baridi ya mlima. Fanya hivi. Kwangua hayo madoa, osha na ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kisha pakeni rangi ya mafuta, mikono miwili, yaani mara mbili, mizito. Rangi ya mafuta hufunga ukuta. Halafu mchana weka jiko la makaa humo ndani, funga mlango na dirisha, joto likae. Hewa ya nje ndiyo inaingiza unyevu. Mkifanya hivyo mwezi mmoja utaona ukuta umekauka.

Mtoto mpake mafuta ya mkaratusi kifuani, na asitembee bila soksi.

Tunawaombea. Msalimie Jairus, mwambie huku tunakula ugali wa watu wawili.

Ndugu yako,
Khisa


Matisi, Kitale
Jumapili, 22 Juni 2025

Kwa Khisa,

Habari ya ndama mwenye kiburi? Na mama yake ametoa maziwa au bado? Nimefurahi kuona mwandiko wako, umekuwa wa mzee lakini unasomeka. Hapa Jairus amepanda sukumawiki nyuma ya jikoni, anazihesabu kila asubuhi kama zitatoroka. Matthew alikuja siku mbili akarudi Lodwar, amekuwa mweusi wa jua na amekonda, lakini anacheka.

Tulifanya yote uliyoniambia. Jairus alikwangua, mimi nikaosha, macho yakatuwasha siku nzima. Tukapaka rangi ya mafuta, nyeupe kama maziwa, mikono miwili mizito kama ulivyosema, na jiko tukaweka kila mchana, mlango umefungwa. Wiki mbili chumba kilipendeza. Nikatoa ushuhuda kanisani, nikasimama mbele ya watu wote nikasema ndugu yangu ni fundi na ni mtu wa imani. Watu wakapiga makofi.

Wiki ya tatu rangi ikaanza kuvimba. Malengelenge, Khisa, kama mtu ameungua maji ya moto. Ukiyatoboa yanatoa maji. Maji ndani ya ukuta, na mimi nimeweka jiko siku kumi na tano. Na jambo jingine Jairus ameliona, kwamba unyevu unapanda kutoka chini. Juu karibu na paa ni pakavu, hapa chini karibu na sakafu ukiweka kiganja kinatoka na maji. Ameniuliza hiyo ni kwa nini. Nikamwambia tutamuuliza fundi.

Basi fundi, nakuuliza.

Mtoto hajapona. Tulimpeleka zahanati mara mbili, wakatupa dawa ya maji ya kifua, ikituliza siku nne anarudi palepale. Akikimbia kutoka mlangoni hadi kwenye tangi anasimama kushika magoti kama mzee. Chemutai ndiye anakesha naye. Anamlaza, anamfunika, anaweka sikio kwenye mgongo wake na kusikiliza, halafu ananitazama. Ni msichana wa heshima, hawezi kuniambia mama mkwe nyumba yako inaua mtoto wangu. Lakini naona anaifikiria hiyo sentensi.

Nilikuomba uje. Hukujibu hilo. Ulinijibu mambo ya soksi. Sikulaumu, najua goti, lakini njoo. Nijibu.

Wilkista


Kabuchai
Jumapili, 6 Julai 2025

Dada Wilkista,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Nelima anawatumia njugu karanga kwa mkono wa Kipketer, kilo mbili, na viazi vitamu.

Kwa sasa siwezi kuja, miwa yangu iko kwenye foleni ya kukatwa na nikiondoka watanipita. Unyevu kupanda ni jambo la kawaida mvua ikizidi. Ongezeni moto. Jiko moja pengine halitoshi, wekeni mawili. Mungu ni mwaminifu.

Khisa


Matisi, Kitale
Jumapili, 3 Agosti 2025

Khisa,

Salamu. Njugu zilifika.

Jumanne iliyopita, saa nane mchana, mtoto alikuwa amelala usingizi wake wa mchana. Chemutai alimlaza kitandani kwetu, lakini yeye amezoea kitanda chake, akaamka akaenda mwenyewe chumba cha nyuma, akafunga mlango nyuma yake kwa sababu tumemfundisha mlango ufungwe joto lisitoke. Majiko mawili yalikuwa humo. Chemutai alikuwa anaanua nguo, mimi niko kwa jirani naomba chumvi. Aliporudi hakumkuta kitandani kwetu. Alipofungua ule mlango alimkuta amelegea, midomo imebadilika rangi, na akimtikisa haamki.

Sikumbuki vizuri mambo yaliyofuata. Najua alitoka naye mikononi bila viatu, na mtu wa bodaboda hakungoja hata kuulizwa. Nilifika hospitali nikiwa bado nimeshika chumvi.

Walikaa naye siku nne. Walimtia hewa ya mtungi kwa sababu ya moshi wa makaa, halafu ile mashine ya mvuke kwa sababu ya kifua. Daktari alikuwa kijana, alinieleza polepole kama anaeleza mtoto. Akasema makaa ndani ya chumba kilichofungwa yangemmaliza kabla hatujaanua shati la pili. Na akasema makaa kando, mapafu yake yamekuwa yakivuta kuvu ya ukuta miezi yote hii na sasa ni pumu. Ametupa pampu ya kuvuta. Huenda atakuwa nayo maisha yake. Akaniuliza nani alitushauri kuweka majiko. Nikamuuliza pampu inashikwaje.

Mtoto yuko hai. Nimeandika hilo chini hapa na lingepaswa kuwa juu, nisamehe.

Alhamisi afisa wa afya wa kata alikuja kuangalia nyumba, anaitwa Kipngeno, mtu mpole, alivua viatu mlangoni. Alitembea ndani, akatoka nje upande wa mlima, akapiga magoti na kisu, akachokora chini ya ukuta muda mrefu. Aliniuliza swali moja na nililijibu vibaya. Hilo sitaliandika leo.

Ijumaa, mtoto alipotoka hospitali, Chemutai alifunga nguo zake na za mtoto akaenda kwao Kapsokwony. Hakugombana. Aliniaga kwa mikono miwili. Alisema, "Mama, nakupenda, lakini mtoto hatalala tena kwa hiyo nyumba mpaka niguse ule ukuta kwa mkono wangu na mkono utoke mkavu." Jairus alisindikiza mzigo hadi barabarani akarudi akapika chakula kingi, tukakaa tukikitazama.

Sikuombi tena uje. Naomba tu uniambie kitu kimoja. Wewe unajua kwa nini ukuta ule unanyonya maji?

Wilkista


Kabuchai
Jumapili, 14 Septemba 2025

Dada yangu Wilkista,

Nimeketi na karatasi hii wiki sita. Nelima ameninyima chai tangu juzi, amesema hatanipikia mpaka aone nimefunga bahasha. Yeye pia hakuwa anajua, nimemwambia Alhamisi, na tangu hapo ananiita "fundi" badala ya jina langu. Tumshukuru Mungu kwa uhai wa mtoto. Nilipofika kwenye mstari wa midomo nilitoka nje nikakaa na ng'ombe.

Swali lako. Ndiyo, najua.

Mwaka wa korona, mwezi wa tano, nilipokuwa najenga kwenu, tulikuwa tumemaliza msingi. Jairus alinunua ile nailoni nyeusi nzito, ile inayolazwa juu ya msingi kabla ya kupanda tofali, ili maji ya ardhini yasipande ukutani. Aliibeba mwenyewe begani kutoka mjini. Nilikuwa niilaze asubuhi inayofuata. Jioni ile ndiyo tulipata habari ya mama.

Unakumbuka mvua. Unakumbuka pia tulipewa siku chache tu za kuzika, hakuna kungoja jua. Nyinyi mlitangulia Kabuchai, mimi nikabaki nyuma siku moja kufunika kazi. Nelima akanipigia, wakati huo nilikuwa bado nasikia, akaniambia wanaochimba kaburi wamefika kwenye maji. Maji yanatoka kwenye kuta zake, wanayateka kwa ndoo na yanarudi. Mama, ambaye alikuwa anaogopa hata kulowa kwa mvua ya kutoka kanisani, tunaenda kumlaza kwenye dimbwi.

Nikachukua ile nailoni. Nikaifunga kwenye pikipiki nikaja nayo. Alfajiri kabla watu hawajafika nikashuka kaburini na wale vijana wawili wachimbaji, tukaitandika chini na pande zote nne, tukaikunja pembe vizuri, tukajenga tofali na saruji juu yake. Wewe ulikuwa ndani ya nyumba na kina mama. Jairus kwa heshima ya mkwe hakusogea kaburini, hata kutupa macho upande ule hakutupa, kwa hiyo hakuona mzigo wake. Wale vijana walifikiri ni mimi nimenunua. Mama alilala pakavu, Wilkista. Hiyo ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya kwa mikono hii.

Halafu nikarudi kwenu. Nyinyi mlikuwa bado matangani. Maduka ya vifaa yamefungwa, vibarua wanangoja, msingi unajaa mvua. Nikajiambia nitasema. Nikajiambia tena tofali za kuchoma ni ngumu, zitashika. Nikapanda ukuta mtupu juu ya msingi. Mliporudi ulikuwa umefika madirishani na Jairus akanipa mkono, akasema ukuta umenyooka kama mstari wa daftari. Basi ningesema lini? Kila siku ukuta unapanda na neno linazidi kuwa zito. Mtoto alipozaliwa mkampa jina la mama nikaona aibu kumbeba. Nabwile mmoja nimemkausha, mwingine nimemlaza kwenye maji.

Bado kuna baya zaidi na nitaliandika kwa sababu Nelima amesimama hapa mlangoni. Nilijua majiko hayatakausha ule ukuta. Moto hauwezi kukausha ardhi. Nilikuandikia mambo ya rangi na makaa ili uwe na kazi ya kufanya, usiendelee kuniita nije. Sikufikiria mtoto. Nilijifikiria nikisimama mbele ya Jairus.

Mimi ni mzee wa kanisa na Jumapili mbili sasa nimekaa nyuma kabisa. Sijui nikuombe nini. Ukitaka Jairus asijue, choma barua hii.

Khisa


Matisi, Kitale
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Kwa ndugu yangu Khisa,

Nakusalimia. Natumaini Nelima amekupa chai. Ndama je? Huku mvua imepungua kidogo, watu wameanza kukata mahindi. Matthew amepiga simu, anajua yote, alisema tu, "Khocha mwenyewe," mjomba wake mwenyewe, akakata simu. Kwa hiyo huyo utamkuta njiani kwa wakati wake.

Barua yako sikuichoma, hata nafasi ya kuichoma sikupata. Kipketer alimpa Jairus kwenye geti nikiwa sokoni, na Jairus akaifungua akidhani ni habari za msiba. Niliporudi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mlangoni na miwani mkononi.

Ngoja kwanza nikuambie na mimi langu, usifikiri uko peke yako. Kipngeno alipochokora chini ya ukuta aliniambia palepale, mama, nyumba hii haina nailoni, nani alijenga? Nikamwambia fundi mmoja. Fundi mmoja. Nimekukana kama sikujui, si kwa hasira, kwa kukuficha. Jairus alipouliza afisa amesema nini nikamwambia amesema ni mfereji wa paa. Mzee wa watu akapanda juu ya paa na miaka yake sitini na tatu, mara mbili, akiziba mfereji ambao hauna kosa, mimi nimeshika ngazi chini nikiomba asianguke kwa uongo wangu. Nilikuwa najua tangu mwisho wa Julai, Khisa. Nilikuuliza lile swali nikijua jibu, nikangoja uniambie mwenyewe, na kila wiki uliyonyamaza nilizidi kukuficha na kuzidi kukuchukia, yote mawili kwa pamoja. Sikujua mtu anaweza.

Jairus aliniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli, nikamwambia na la mfereji. Alitoka, akaenda nyuma ya nyumba kwenye sukumawiki zake, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Nilidhani atasema nirudi kwetu. Aliporudi alisema, "Ningempa. Kwa mama mkwe ningetoa hata mabati. Kwa nini hakuniomba?"

Nikampashia ile chai. Akaketi, hakuigusa. Kisha akasema mambo ambayo sitayaandika yote, mengine unayastahili, mengine ni hasira ya mtu aliyepanda paa bure. Mwisho akasema, "Mwambie aje. Na asije na Biblia kwapani kunihubiria msamaha. Aje na patasi."

Nimeongea na Kipngeno nikamwambia ukweli kwamba fundi ni ndugu yangu. Hakushangaa, alisema alijua nilivyolitamka lile neno. Anasema nyumba si ya kubomoa. Ukuta unakatwa chini kipande kwa kipande, hatua moja hatua moja, unatoa mstari wa kwanza wa tofali, unalaza nailoni, unarudisha tofali kwa saruji, unangoja ishike ndipo ukate kipande kingine, nyumba isije ikaanguka. Plasta yote ya chini itolewe hadi kifuani, rangi ya mafuta yote itoke, ipakwe chokaa ili ukuta upumue. Upande wa mlima uchimbwe mtaro. Na dirisha liwe wazi, wazi mchana kutwa. Kumbe hewa ilikuwa rafiki yetu muda wote huo. Godoro na kile kitambaa cha buluu tumevichoma. Wewe unajua kazi hii kunipita, nimekuandikia ili ujue kwamba sasa hata mimi najua na sitadanganyika.

Jairus tayari amenunua nailoni nyingine. Ameibeba begani kutoka mjini, hakukubali bodaboda. Iko sebuleni, imesimama kwenye kona, wageni wanaisalimia.

Nilienda Kapsokwony Jumamosi kumwona mtoto. Amenenepa mashavu. Huko kwao juu kuna baridi kuliko hapa, lakini nyumba ya bibi yake ni ya mbao na upepo unapita humo unavyotaka, na kifua chake kimetulia. Alikimbia kuja kwangu kutoka zizi la kondoo na hakusimama njiani. Nilimbeba nikaweka sikio mgongoni mwake kama alivyokuwa akifanya mama yake. Kuna mluzi mdogo, kwa mbali. Pampu imening'inizwa shingoni mwake kwenye mfuko aliofumiwa, anaionyesha kila mtu.

Chemutai nilimwambia yote. Sikukuficha na sikukupamba. Alisikiliza akichambua mboga. Akasema amesikia, na kwamba neno lake ni lile lile, mkono utoke mkavu. Nikamuuliza basi Krismasi? Akasema mama, ukuta ukikauka wakati wa jua si kitu, yeye atarudi mvua ya Aprili ikiwa imenyesha hata mwezi mmoja, hapo ndipo ataushika. Ana akili kutuzidi sote. Kwa hiyo tukifanya kazi vizuri, mjukuu wangu atalala hapa mwezi wa tano. Na tukiifanya vibaya hatalala hapa tena, atakua huko, nitakuwa bibi wa kutembelewa. Hivyo ndivyo mambo yalivyo na sina mtu mwingine wa kuyarekebisha ila wewe.

Sasa kuhusu mimi na wewe. Umeniuliza bila kuuliza. Nimeomba sana, na nitakueleza nilipofika, si mbali zaidi ya hapo. Nailoni nimekusamehe. Nilikusamehe nikiwa bado nimesimama mlangoni na kikapu cha soko, nilipofika mahali pa kukunja pembe nilikaa chini nikalia, nikamshukuru Mungu kwamba mama alikuwa na mtoto kama wewe. Kunyamaza miaka mitano, hiyo pia naiweza, maana mimi mwenyewe miezi miwili ilinishinda. Jiko bado. Kila nikijaribu kulisamehe jiko naona ule mlango umefungwa na mtoto mwenyewe, kwa adabu, joto lisitoke. Sitakudanganya kwamba nimemaliza. Utakuja, utakula kwangu, nitakupa maji ya kunawa, na hilo litakuwa bado liko kati yetu mezani, na tutafanya kazi hivyo hivyo.

Usije na lori la Kipketer wiki hii, amejaa. Wiki ijayo Jumatano ana nafasi. Niandikie siku utakayofika, na uniandikie upesi.

Dada yako,
Wilkista